Trekta inachemsha na maji yanapungua bila kuona yanapovujia, usishushe hedi kwanza

Swali la mwenye trekta kwa kifupi ni hili. Trekta ya zamani, dizeli silinda nne, ikilima kama saa nzima geji inapanda mpaka nyekundu, ikivuta tela haina shida. Kila asubuhi akifungua rejeta anakuta maji yamepungua, anaongeza mpaka mdomoni, jioni yamepungua tena, na chini ya trekta hakuna tone. Oili bado safi. Rejeta ameshabadilisha, themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) fundi aliitoa akaitupa, na sasa fundi anasema kilichobaki ni kushusha hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda. Anauliza akubali?

Jibu langu usikubali bado. Sisemi hedi haiwezi kuwa mbovu, inaweza kabisa, ila ukiangalia vizuri mpaka sasa hakuna hata kipimo kimoja kilichofanyika, kilichofanyika ni kubadilisha na kutoa vitu tu, na hedi ya injini ya zamani ukiishusha bila sababu unaweza ukaleta ugonjwa ambao haukuwepo, bolti zinakatikia ndani ya bloku (mwili wa injini wenye silinda), gasketi mpya (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku) inakaa vibaya, na bado joto lile lile linabaki maana chanzo hakikuwa pale.

Kitu cha kwanza kabisa tenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Injini inachemka kwa sababu maji yanapungua, au maji yanapungua kwa sababu injini inachemka na kuyatapika? Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake tofauti. Namna ya kujua ni rahisi, ipe kazi nyepesi siku nzima, ile ya tela ambayo haipandishi geji, alafu kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi angalia kiwango. Kama maji yamepungua hata siku ambayo haikupata joto kali bas kuna mahali yanatoka, iwe nje au ndani. Kama yanapungua siku za kulima tu, uwezekano mkubwa yanatapikwa, na hapo unatafuta joto linatoka wapi, hutafuti mvujo.

Lakini hata hicho kipimo hakitakwambia kitu kama unajaza mpaka mdomoni. Hili naomba ulisome mara mbili. Trekta nyingi za zamani hazina lile tenki la plastiki la pembeni la kupokea maji ya ziada, zina kimrija tu kinachotoka kwenye shingo ya rejeta kushuka chini. Maji yakitoka joto la kawaida, tuseme nyuzi 20, mpaka nyuzi 90 yanatanuka kama asilimia 3 na kitu, kwa mfumo wa lita 12 hiyo ni karibu nusu lita ambayo haina pa kukaa, kwa hiyo inatoka kwa kile kimrija na kumwagika shambani wakati unaendesha na wewe huioni. Asubuhi unakuta yamepungua, unajaza tena, yanamwagika tena, unaweza ukafanya hivyo mwaka mzima ukidhani trekta inakunywa maji kumbe ilikuwa inajitengenezea nafasi. Jaza mpaka maji yafunike vizuri ile mirija ya ndani na yabaki chini ya mdomo kama sentimita 3 au 4, weka alama, alafu uache. Kama kitabu cha trekta yako kinataja kiwango chake fuata hicho.

Sasa kwa kuwa wewe unasema yanapungua sana, tena bila tone chini, chukua chupa ya plastiki ya lita mbili, ifunge kwa waya pembeni ya rejeta, ingiza ncha ya kile kimrija ndani yake ila usizibe mdomo wa chupa, hewa ipite. Nenda kalime. Ukirudi chupa ina maji mengi, ushajua yanapotokea, ni juu, ila kinachoyasukuma bado hujakijua. Ukirudi chupa haina kitu na rejeta imepungua, maji yanatoka kwingine. Kipimo hiki hakina gharama na kinakata nusu ya ubishi wote kati yako na fundi, sijui kwa nini watu hawakifanyi.

Tuseme yako chupani. Wa kwanza kushukiwa ni mfuniko wa rejeta. Watu wanauona kama kizibo tu, lakini ule ni vali, ndani yake kuna springi inayoshikilia presha, na kila psi moja ya presha inapandisha kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi kama moja na nusu hivi. Mfuniko wa psi 7 ukiwa mzima maji yanachemka kwenye nyuzi 110 kwenda juu kidogo badala ya 100, ukiwa umechoka unarudi 100, na ukiwa sehemu za mwinuko unashuka zaidi maana kila mita 300 za kupanda unapoteza karibu nyuzi moja. Kwa hiyo injini ambayo ingelima salama kwenye 100 na kitu inaanza kuchemka na kutapika. Angalia mpira wake wa chini kama umekauka au umepasuka, angalia na ukingo wa ndani ya shingo ya rejeta pale mpira unapokaa, ukiwa na kutu au umebonyea hata mfuniko mpya hautashika. Na ukinunua mpya nunua wa presha ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu, usiweke wa gari dogo la kisasa wenye psi 15 ukidhani ndo bora, rejeta ya zamani na hozi zake hazikutengenezwa kwa presha hio, utapasua.

Tukija kwenye themostati, hapa sikubaliani na fundi wako hata kidogo. Najua kwa nini wanaitoa, ikigoma kufunguka injini inachemka, kwa hiyo wanaona bora isiwepo. Lakini kwenye injini nyingi kuna njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta, na themostati ikifunguka inafunga au inabana ile njia. Ukiitoa, njia inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini bila kwenda kupoa. Pia themostati inabana mkondo kidogo na kufanya maji ndani ya bloku yawe na presha, ikiondoka mapovu ya mvuke yanatokea kirahisi zaidi pale penye joto kali kuzunguka vali. Yale maneno kwamba maji yanapita haraka mno kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa si kweli, mkondo mkubwa haupunguzi kupoza, sababu ni hizo nilizosema. Na kwa injini ambazo hazina hio njia ya pembeni, kukaa bila themostati kunaifanya iwe baridi mno kwenye kazi nyepesi, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka na silinda zinalika. Rudisha themostati. Mpya nayo ipime kabla ya kuifunga, iweke kwenye sufuria ya maji na kipima joto, pasha taratibu, ianze kufunguka karibu na namba iliyopigwa juu yake, nyingi ni nyuzi 82 au hapo hapo, na iendelee kufunguka mpaka mwisho maji yakizidi hapo kwa nyuzi 10 hadi 15. Isipofunguka kabisa hata kama ni mpya usiifunge.

Alafu hewa. Trekta inayovuta tela barabarani na kuchemka ikilima inakwambia uwezo wa kupoza umepungua, kazi nyepesi inatosheleza, kazi nzito haitoshelezi. Na mara nyingi aliyepungua ni hewa. Makapi, vumbi, mbegu za nyasi, vikichanganyika na oili iliyovuja mbele vinakuwa kama tope kavu kati ya mapezi ya rejeta, na ukiangalia kwa mbele inaonekana safi kabisa. Weka taa upande mmoja uangalie kutoka upande wa pili, kama mwanga haupiti na hewa haipiti. Safisha kwa kupuliza kutoka upande wa feni kwenda mbele, yaani kinyume na hewa inavyoingia, ukipuliza kutoka mbele unazidi kushindilia uchafu ndani. Kama trekta ina kipozea oili mbele ya rejeta kitoe au kisogeze, kati ya hivyo viwili ndo uchafu unajificha. Rejeta yako ni mpya sawa, lakini imeshalima, kwa hiyo iangalie hivyo hivyo.

Angalia na mkanda wa feni. Usiubonyeze tu, tazama unakaa wapi kwenye puli, mkanda wa V unatakiwa ubane pembeni, ukiona umeshuka umegusa sakafu ya puli basi unateleza ukipewa kazi hata ukiukaza vipi, mkanda au puli imelika. Feni yenyewe kuna watu wakibadilisha wota pampu wanairudisha ikiwa imegeuzwa mbele nyuma, inaendelea kuvuta hewa upande ule ule kwa hiyo hakuna anayeshtuka, ila nguvu yake inapungua sana. Na lile koti la bati linalozunguka feni, kwenye trekta nyingi za zamani liliondolewa wakati wa matengenezo fulani na halikurudi tena, bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Hili halipo kwenye orodha ya mafundi wengi na ndo ningeliangalia mapema sana kwako, maana rejeta imebadilishwa, kuna aliyefungua kila kitu hapo mbele.

Kwenye maji yenyewe kama yanazunguka au hayazunguki, tafuta kile kipima joto cha miale cha kuelekeza na kubonyeza. Baada ya kulima nusu saa, ikiwa bado inafanya kazi, pima hozi ya juu na ya chini. Tofauti ya kawaida ni nyuzi 5 mpaka 10 hivi. Ikizidi sana, hozi ya juu inaunguza na ya chini imepoa, maji yanapita kidogo mno, pampu imechoka au kuna kuziba. Zote zikiwa moto sawasawa, maji yanapita ila hewa haichukui joto, rudi kwenye feni na mapezi. Elekeza pia usoni mwa rejeta kote, sehemu iliyo baridi peke yake imeziba ndani. Na injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa tupia jicho hozi ya chini, ikijibana na kulala inanyonywa, springi yake ya ndani imeoza au rejeta imeziba.

Pampu ya maji inaweza kuwa haivuji kabisa na bado haifanyi kazi, mapanga yake ya ndani yanalika na kutu au yanalegea kwenye shafti, shafti inazunguka yenyewe yamesimama. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo, kikionyesha mstari wa rangi ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji) au kutu basi sili imeanza kupitisha. Hapo kuna siri moja ya kwa nini hakuna tone chini, maji yanayotoka pale yanapulizwa na feni kurudi kwenye injini ya moto na kukauka kabla hayajafika ardhini. Vivyo hivyo vifuniko vya duara ubavuni mwa bloku, hasa yule wa nyuma kabisa asiyeonekana. Tafuta madoa meupe, ya kijani au ya kutu, usitafute maji.

Kitu kingine cha injini za zamani ambazo zimekunywa maji ya kisima miaka mingi, kutu na chokaa vinashuka na kujaa chini ya bloku, hasa kwa silinda ya nyuma ambako mkondo ni hafifu. Fungua koki ya bloku ya kumwagia maji. Kama hakuna kinachotoka, au inatoka michirizi mpaka uchokonoe na waya, usitafute mchawi, ile silinda ya nyuma inaogelea kwenye tope wala si maji, na hakuna rejeta mpya itakayosaidia. Hio inaoshwa kwa kuondoa koki kabisa, kutoa na vile vifuniko vya ubavuni ikibidi, na kupitisha maji ya nguvu kinyume na mkondo wake mpaka yatoke safi.

Baada ya hayo yote ndo tunakuja kwenye hedi, na nayo inapimwa ikiwa imefungwa pale pale. Asubuhi, injini baridi kabisa, toa mkanda wa feni ili pampu isizunguke, toa themostati, jaza maji mpaka yaonekane pale juu kwenye nyumba ya themostati, alafu washa. Dakika moja tu, usizidishe, maana hakuna kinachopoza. Maji bado ni ya baridi hayana sababu ya kutoa povu, kwa hiyo ukiona mapovu yanakuja mfululizo na yanazidi ukipandisha mzunguko, huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi imeungua au hedi imepasuka. Dalili nyingine inayoendana na hio ni hozi ya juu kuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili tangu uwashe asubuhi, kabla hata injini haijapata moto, joto peke yake haliwezi kuleta presha haraka hivyo. Kuna ile dawa ya buluu pia, hewa ya kwenye rejeta inavutwa kupitia ndani yake, ikikuta gesi ya moshi inabadilika kwenda kijani au njano.

Kama mapovu hakuna na chupa ilikuwa haina maji, tia presha kwenye mfumo kwa pampu ya mkono inayofungwa pale kwenye mdomo wa rejeta, presha isizidi ile ya mfuniko, iache nusu saa uone geji ya pampu inashuka au inakaa. Ikishuka na nje pakavu, maji yanaingia ndani. Wacha trekta ilale usiku kucha, asubuhi kabla ya kuwasha legeza boliti ya kumwagia oili taratibu bila kuitoa, maji ni mazito kuliko oili yanakaa chini, kwa hiyo yatatangulia yenyewe kutoka. Hii inaonyesha mapema kuliko kuangalia rangi ya oili, oili yako inaweza kuonekana safi kwenye dipstiki na huku chini kuna glasi ya maji. Ukikuta maji usiwashe tena, hasa kama umeweka kulanti, mchanganyiko huo unakula beringi za krenki haraka mno.

Na kama injini yako ni ya slivu (yale mabomba ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka) zinazoogea maji moja kwa moja, yaani maji yanagusa slivu yenyewe, maji chini ya oili mara nyingi si gasketi ya hedi, ni zile oringi (mipira ya duara ya kuziba) za chini ya slivu, au slivu imetobolewa vitundu vidogo kutoka upande wa maji. Slivu inatikisika kila dizeli inapolipuka, mapovu madogo sana yanazaliwa na kupasuka pale pale ukutani, na baada ya muda yanachimba chuma. Maji matupu bila dawa ya kuzuia kutu yanaharakisha sana hilo. Hapo ukibadilisha gasketi ya juu tu umepoteza kazi yote.

Upande wa dizeli sitakaa sana. Taimingi ya pampu ya dizeli ikichelewa, au nozeli zinazoingiza dizeli kwenye silinda zikimwaga badala ya kunyunyiza, joto la ziada linaingia kwenye hedi na kwenye maji, utaona nguvu imepungua na moshi. Na kulima kwa gia kubwa, injini inaburuzwa mzunguko wa chini moshi mweusi unatoka, hapo pampu ya maji na feni zinazunguka polepole wakati joto ndo kubwa kabisa. Shusha gia moja, panda mzunguko, au punguza kina cha jembe, mara nyingine geji inarudi yenyewe.

Vipimo vikisema hedi, bas ishushwe, ila kaa na fundi. Hedi iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi), isirudishwe kwa kuangalia kwa macho. Matundu ya bolti kwenye bloku yasafishwe na kukaushwa, yakibaki na maji au oili chini bolti inaweza kupasua bloku ikikazwa. Kukaza ni kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, na kwa injini hizi za zamani vitabu vingi vinataka irudiwe kukazwa baada ya kupata moto na kupoa. Ikipelekwa kuchongwa, ipimwe kwanza kama ina ufa kati ya vali, hakuna faida ya kuinyoosha hedi iliyopasuka.

Ukimaliza usirudie maji ya kisima. Kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, ya mvua au yaliyotoneshwa (distilled), na zile unga za kuziba mvujo usizitie kabisa, zinaziba na mirija ya rejeta uliyoinunua.

Kwa sasa kama msimu umekubana na lazima trekta iingie shambani, lima mapema jua halijakolea, gia ndogo, kila baada ya muda mfupi simama uangalie. Geji ikipanda lakini maji yapo, ondoa mzigo uiache ingurume taratibu dakika kadhaa, usiizime ghafla. Lakini geji iliyokuwa juu ikishuka ghafla yenyewe huku injini inanuka moto, usifurahi, ile sensa imebaki hewani kwa kuwa maji hayapo tena, zima hapo hapo. Usifungue mfuniko ukiwa moto, na usimwagie maji ya baridi ndani mpaka uweze kuishika hedi kwa kiganja na kukiacha hapo.